Namba 2,345,409 kwa karatasi na biki: mwongozo kamili wa kuchambua namba nzima kubwa

Kila mtoto aliyepitia shule ya msingi hapa Kongo amewahi kukariri kwamba nchi yetu ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,345,409. Namba hiyo tunaikariri pamoja na majina ya majirani tisa na ya mito mikubwa, tunaiandika siku ya mtihani wa jiografia, kisha tunaiacha huko huko. Mwalimu wa hesabu haigusi, kwa kuwa si yake. Mimi nafundisha hesabu hapa Bukavu, na kwa miaka kadhaa sasa ninaitumia kila ninapotaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuichambua namba kubwa bila mashine, kwa sababu ni namba ambayo wote wanaijua na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujiuliza inagawanyika kwa nini.

Anayetaka kufuata mwongozo huu anahitaji kaye ya karo (yaani daftari la miraba), biki, na subira ya saa mbili hivi. Kikokotoo cha simu kiwekwe kando hadi mwisho. Shuleni kwetu, tukifuata desturi ya Kifaransa, tunaandika 2.345.409 kwa nukta na tunaweka mkato mahali pa desimali. Hapa nafuata desturi ya vitabu vya Kiswahili, ambayo ni kinyume chake. Kuhusu maneno: kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila kuacha baki, namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, na kuichambua namba kunaanza kwa kuiandika kama zao la namba tasa. Ukishapata zao hilo, karibu kila swali jingine juu ya namba hiyo linajibika kwa mstari mmoja au miwili.

Hatua ya kwanza: tarakimu ya mwisho

Namba yetu inaishia na 9, kwa hiyo ni witiri, na namba witiri haiwezi kuwa na kigawo kilicho shufwa. Papo hapo 2, 4, 6, 8, 10 na nyingine zote za aina hiyo zimeondoka. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 nayo imeondoka, pamoja na 15, 25, 35 na kadhalika. Hapa hapahitaji maelezo zaidi.

Hatua ya pili: kujumlisha tarakimu, na kosa linalofuata

Jumlisha: 2 + 3 + 4 + 5 + 4 + 0 + 9 = 27. Kwa kuwa 10, 100, 1,000 na wenzao wote huacha baki 1 wakigawanywa kwa 9, namba yoyote na jumla ya tarakimu zake huacha baki ile ile zikigawanywa kwa 9. Jumla yetu 27 inagawanyika kwa 9, basi 2,345,409 pia inagawanyika kwa 9.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaona 27 na kutangaza kwamba namba inagawanyika kwa 27. Kanuni ya kujumlisha tarakimu inafanya kazi kwa 3 na 9 tu. Haina mamlaka juu ya 27. Chukua 1,899, ambayo tarakimu zake pia zinajumlisha 27: ukiigawanya kwa 27 unapata 70 na baki 9. Njia halali ni kuikata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia na kuyajumlisha mafungu hayo, kwa sababu 999 ni 27 × 37, na kwa hiyo 1,000 huacha baki 1 ikigawanywa kwa 27 au kwa 37. Kwa namba yetu tunapata 409 + 345 + 2 = 756. Sasa, 756 ni 27 × 28 kamili, kwa hiyo namba yetu kweli inagawanyika kwa 27. Lakini 756 ikigawanywa kwa 37 inaacha baki 16, kwa hiyo 37 si kigawo. Hesabu moja fupi imejibu maswali mawili, na hilo la 37 litatusaidia baadaye.

Hatua ya tatu: mafungu yale yale, lakini kwa kutoa na kujumlisha

Namba 1,001 ni 7 × 11 × 13. Wachache huambiwa jambo hili shuleni, nami naliona kuwa hasara, kwa sababu linampa mtu jaribio la namba tasa tatu kwa bei ya moja. Badala ya kuyajumlisha mafungu, unayabadilishia alama kuanzia kulia: 409 − 345 + 2 = 66. Kisha unaigawanya 66 kwa 7, ikabaki 3. Kwa 11, isibaki kitu. Kwa 13, ikabaki 1. Kwa hiyo 7 na 13 si vigawo, na 11 ni kigawo.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba namba uliyoiandika ndiyo uliyokusudia kuiandika. Wanafunzi wangu wawili waliwahi kukaa mezani pangu, katika mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, na kubishana kwa nusu saa: mmoja anasema 7 ni kigawo na 11 si kigawo, mwingine anasema kinyume chake, na kila mmoja ana hesabu safi ya kumwonyesha mwenzake. “Mwalimu, tazama mwenyewe, 147 ni 7 mara 21!” Nilipomwambia asome namba yake kwa sauti, akasoma milioni mbili, laki tatu na arobaini na tano elfu, mia nne na tisini. Alikuwa amegeuza tarakimu mbili za mwisho na kuandika 2,345,490. Kutazama tarakimu ya mwisho kungetosha kulifichua kosa lake, lakini jambo la kuvutia ni kwamba lilipita majaribio yote ya kujumlisha: kugeuza tarakimu hakubadilishi jumla, kwa hiyo jaribio la 9 halikuona kitu, na kwa kuwa tofauti kati ya namba mbili hizo ni 81, yaani 27 × 3, hata jaribio la 27 lilimpitisha. Jaribio la 11 ndilo lililofichua, na ndivyo lilivyo kwa kawaida, kwa sababu linahesabu nafasi ya kila tarakimu: tarakimu mbili tofauti zinazoandamana zikigeuzwa, baki ya kugawanya kwa 11 hubadilika kila mara.

Tumefika wapi? Tunajua kwamba 27 na 11 ni vigawo. Gawanya: 2,345,409 ÷ 27 = 86,867, na 86,867 ÷ 11 = 7,897. Namba ya tarakimu saba imekuwa ya tarakimu nne, na hatujatumia hata nusu ukurasa.

Hatua ya nne: kuibana 7,897

Kuanzia hapa hakuna kanuni za mkato, ni kugawanya tu. Lakini kugawanya kwa akili kuna mpaka wake. Ikiwa 7,897 si namba tasa, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo viwili vyote vikizidi kipeuo hicho, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kwa kuwa 88 × 88 = 7,744 na 89 × 89 = 7,921, tunatafuta hadi 88 tu.

Zaidi ya hapo, sehemu ya kazi imeshafanyika. Namba tasa yoyote isiyogawanya 2,345,409 haiwezi kugawanya 7,897, ambayo ni kigawo chake. Hivyo 2, 5, 7, 13 na 37 hatuzirudii. Kwa 3, tarakimu za 7,897 zinajumlisha 31, kwa hiyo haigawanyiki tena. Kwa 11 inabidi kurudia, kwa sababu namba inaweza kugawanyika kwa 11 mara mbili: 7 − 9 + 8 − 7 ni −1, kwa hiyo hapana. Zinazobaki tunazichukua kwa zamu. Kwa 17 inabaki 9. Kwa 19 inabaki 12. Kwa 23 inabaki 8. Kwa 29 inabaki 9. Kwa 31 inabaki 23. Kwa 41 inabaki 25. Kwa 43 inabaki 28. Kwa 47 inabaki 1, na hapo darasa zima huguna. Kisha 53: 53 × 149 = 7,897, bila baki.

Swali la mwisho la hatua hii ni kama 149 yenyewe ni tasa. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 12 na 13, kwa hiyo tunajaribu 2, 3, 5, 7 na 11 peke yake, na zote zinaacha baki. Ni tasa. Basi:

2,345,409 = 3 × 3 × 3 × 11 × 53 × 149

Hakuna mtu atakayepata orodha tofauti ya namba tasa kwa namba hii, hata akianza mahali pengine. Anaweza kubadili mpangilio tu.

Hatua ya tano: njia ya Fermat, ambayo hapa inashinda

Nimeanza na njia ya kawaida kwa sababu ni ya kuaminika. Lakini namba hii ina siri niliyoigundua kwa bahati tu, na ndiyo iliyonifanya niipende. Mwaka wa 1643 Mfaransa Pierre de Fermat, ambaye kazi yake ilikuwa sheria, alieleza katika barua jinsi ya kuvunja namba witiri kwa kuiandika kama tofauti ya miraba miwili, na mfano aliotoa ulikuwa 2,027,651,281, ambayo ni 44,021 × 46,061. Msingi wake ni huu: ukiwa na namba mbili witiri zinazozidishwa, chukua wastani wao na nusu ya tofauti yao, mraba wa wastani ukiondoa mraba wa nusu tofauti unarudisha zao lile lile. Kwa mfano 7 × 11 = 77; wastani ni 9, nusu tofauti ni 2, na 81 − 4 = 77.

Kwa hiyo badala ya kutafuta vigawo, tunatafuta mraba ulio juu kidogo ya namba yetu, ambao tukiuondolea namba yetu, kinachobaki nacho ni mraba.

Kwanza kipeuo cha pili. Jaribu 1,500: mraba wake ni 2,250,000, na inabaki 95,409. Kila hatua moja kutoka 1,500 inaongeza takriban 3,000, na 95,409 kwa 3,000 ni thelathini na moja na kitu. Kwa 31 tunahitaji 3,000 × 31 + 31 × 31 = 93,961, ambayo inatosha; kwa 32 tungehitaji 97,024, ambayo inazidi. Hivyo kipeuo kiko kati ya 1,531 na 1,532. Mtu anayependa picha afikirie hivi: kama Kongo ingekuwa shamba la mraba, kila upande ungekuwa na urefu wa kilomita 1,531 na nusu hivi.

Sasa tunaanza na 1,532. Mraba wake ni 2,347,024. Ukiondoa namba yetu inabaki 1,615. Je, 1,615 ni mraba? Hakuna haja ya kutafuta kipeuo chake: mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25, na huu unaishia na 15. Hapana.

Tunapanda hadi 1,533. Wala hatuhitaji kupiga mraba upya, kwa sababu mraba wa 1,533 unauzidi mraba wa 1,532 kwa 1,532 + 1,533, yaani 3,065. Tunaongeza tu: 1,615 + 3,065 = 4,680. Mraba unaoishia na sufuri lazima uishie na sufuri mbili. Hapana.

Tunapanda hadi 1,534. Nyongeza ya safari hii ni 3,067, na 4,680 + 3,067 = 7,747. Hakuna mraba wowote unaoishia na 7, wala na 2, 3 au 8. Hapana; ingawa inauma kidogo, kwa kuwa 88 × 88 = 7,744, yaani imekosekana 3 tu.

Tunapanda hadi 1,535. Nyongeza ni 3,069, na 7,747 + 3,069 = 10,816. Inaishia na 6, inaruhusiwa. Mraba wa 100 ni 10,000. Wa 104 ni 10,816. Ndiyo!

Kwa hiyo namba yetu ni mraba wa 1,535 ukiondoa mraba wa 104, na vigawo vyake viwili ni 1,535 − 104 = 1,431 na 1,535 + 104 = 1,639. Majaribio manne, mistari minne ya kujumlisha, na namba ya tarakimu saba imevunjika katikati. Kilichobaki ni rahisi: 1,431 ni 27 × 53, na 1,639 ni 11 × 149. Shamba lile la mraba linaweza kugeuzwa kuwa la mstatili lenye pande za kilomita 1,431 na 1,639, bila kupoteza hata mita moja ya mraba.

Nisimdanganye msomaji: njia hii hushinda pale tu namba inapokuwa na vigawo viwili vinavyokaribiana. Ijaribu kwa 7,897 na utaona. Unaanza na 89 na unafika 101 kabla ya kupata jibu, kwa kuwa 10,201 − 2,304 = 7,897, ambapo 2,304 ni mraba wa 48; majaribio 13, wakati kugawanya kulituchukua machache zaidi ya nusu ya hayo. Ushauri wangu ni kufanya majaribio matano au sita ya Fermat kabla ya kuingia katika kugawanya kwingi, na kama hayajazaa kitu, kuyaacha bila kinyongo.

Uhakiki kwa 9, na mahali unapolala usingizi

Tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaujua uhakiki kwa 9: unachora msalaba, unaweka baki za namba mbili zinazozidishwa juu na chini, baki ya zao la baki hizo kushoto, na baki ya jibu kulia, kushoto na kulia zikilingana, unaendelea. Ufanye kwa 1,431 × 1,639. Baki ya 1,431 kwa 9 ni 0, ya 1,639 ni 1, na baki ya jibu ni 0. Inalingana. Lakini tazama vizuri: kwa kuwa namba ya kwanza ina baki 0, hata kama namba ya pili ingenakiliwa vibaya kabisa, msalaba ungelingana tu. Uhakiki kwa 11 una ugonjwa ule ule hapa, kwa kuwa 1,639 inagawanyika kwa 11. Katika hali hii tumia 7: baki za 1,431 na 1,639 ni 3 na 1, zao lake ni 3, na tulishaona kwamba 2,345,409 huacha baki 3 ikigawanywa kwa 7. Huo ndio uhakiki wenye uzito.

Hatua ya sita: kuhesabu vigawo bila kuviandika vyote

Kila kigawo cha namba yetu kinatengenezwa kwa kuchagua ni mara ngapi 3 itatumika (mara 0, 1, 2 au 3, yaani njia nne), kisha kama 11 itakuwemo au la, kama 53 itakuwemo au la, na kama 149 itakuwemo au la. Njia zote ni 4 × 2 × 2 × 2 = 32. Anayetaka kuviona aandike 1, 3, 9, 27 katika mstari. Chini yake mstari huo huo umezidishwa kwa 11, yaani 11, 33, 99, 297. Kisha mistari miwili hiyo aizidishe kwa 53, na yote minne aizidishe kwa 149. Hakuna kitakachosahaulika wala kurudiwa.

Vigawo 32 vinafanya jozi 16, na kila jozi inatoa njia moja ya kuiandika namba kama tofauti ya miraba miwili. Ile ya 1,535 na 104 ni mojawapo, na ndiyo yenye namba ndogo kuliko zote.

Jumla ya vigawo vyote inapatikana kwa hila hiyo hiyo: (1 + 3 + 9 + 27) × (1 + 11) × (1 + 53) × (1 + 149), yaani 40 × 12 × 54 × 150 = 3,888,000. Jibu la mviringo namna hiyo kutoka kwa namba isiyo na sufuri mwishoni huwashangaza wanafunzi kila mara, na mimi pia lilinishangaza. Ukiiondoa namba yenyewe, vigawo vingine vyote vinajumlisha 1,542,591, ambayo ni pungufu ya 2,345,409. Namba kama hii huitwa namba pungufu. Kama jumla ingelingana nayo, kama ilivyo kwa 6 au 28, ingeitwa kamilifu.

Kuna pia swali la ni namba ngapi, kuanzia 1 hadi 2,345,409, zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1. Unaondoa theluthi moja kwa ajili ya 3, kisha moja ya 11, moja ya 53 na moja ya 149 ya kinachobaki kila mara. Hesabu inakuwa 18 × 10 × 52 × 148 = 1,385,280, yaani takriban 59 katika kila 100.

Hatua ya saba: je, ni mraba, au jumla ya miraba miwili?

Tumeshajua si mraba, kwa kuwa kipeuo chake kiko kati ya 1,531 na 1,532. Naliweka swali hili kwa sababu ni mfano mzuri wa majaribio yanayodanganya. Mraba unaweza kuishia na 9. Yetu inaishia na 9. Mraba unaogawanyika kwa 3 lazima ugawanyike kwa 9; yetu inagawanyika. Mraba wa namba witiri huacha baki 1 ukigawanywa kwa 8. Chukua 409, ambayo ni 8 × 51 + 1, na yetu inaacha baki 1. Mashahidi wote watatu wanasema ndiyo, na wote wamepotosha. Uchambuzi wa namba tasa ndio unaokata shauri: 3 imetokea mara tatu, 11 mara moja, ilhali katika mraba kila namba tasa hutokea mara shufwa.

Jumla ya miraba miwili nayo haiwezekani. Mraba wowote ukigawanywa kwa 3 huacha baki 0 au 1. Ili miraba miwili ijumlishe kitu kinachogawanyika kwa 3, lazima yote miwili iwe na baki 0, na hapo namba zote mbili zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo miraba yao inagawanyika kwa 9. Toa 9 nje: 2,345,409 ÷ 9 = 260,601, ambayo bado inagawanyika kwa 3, kwa hiyo hoja ile ile inarudi na kudai kwamba 260,601 igawanyike kwa 9. Lakini 260,601 ÷ 3 = 86,867, na tarakimu za 86,867 zinajumlisha 35. Haigawanyiki tena kwa 3, hoja imegonga mwamba, na miraba miwili hiyo haipo.

Hatua ya nane: kuiandika kwa 0 na 1

Gawanya kwa 2 mfululizo na uandike baki kutoka kulia kwenda kushoto. Ukifanya hivyo utapata 1000111100100111000001, tarakimu 22, kumi kati yake zikiwa 1. Zile sufuri tano kabla ya 1 ya mwisho zinamaanisha kwamba 2,345,408 inagawanyika kwa 2 mara sita: ni 64 × 36,647, na 36,647 ni 13 × 2,819. Kwa hiyo jirani wa chini ana vigawo 7 × 2 × 2 = 28.

Hatua ya tisa: namba mbili zinazogombea nafasi moja

Orodha kadhaa za kimataifa hazitoi 2,345,409, bali 2,344,858. Sihukumu ipi imepimwa vizuri. Hilo ni la wapima ardhi. Mwanahesabu anaweza kuuliza jambo jingine: je, namba hizi mbili zina kigawo cha shirika? Hakuna haja ya kuichambua ya pili. Kigawo chochote cha zote mbili lazima kigawanye pia tofauti yao, ambayo ni 551, na 551 ni 19 × 29. Namba yetu haina 19 wala 29. Basi hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, na hesabu nzima imechukua mistari mitatu.

Kuna na ya tatu. Vitabu vingine vya shule huandika 2,345,410. Kwa hoja ile ile ya tofauti, ambayo sasa ni 1, namba hii haiwezi kushirikiana na yetu kigawo chochote: 3, 11, 53 na 149 zimeondoka zote. Inagawanyika kwa 10 waziwazi, na inabaki 234,541. Kipeuo cha pili cha 234,541 ni 484 na kitu, na hadi 484 kuna namba tasa 92. Ondoa 2 na 5 kwa kutazama tarakimu ya mwisho; ondoa nne zile za jirani; kwa mafungu, 541 − 234 = 307, ambayo inaondoa 7 na 13, na 541 + 234 = 775, ambayo inaondoa 37. Zinabaki 83.

Nilizifanya zote 83, jioni mbili, ya pili kwa mshumaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Baki ndogo kuliko zote ilikuwa 5, kwa 19. Sufuri haikutokea hata mara moja. Kwa hiyo 234,541 ni namba tasa, na 2,345,410 ni 2 × 5 × 234,541 basi. Aliyeiongezea nchi kilomita moja ya mraba ili namba ikaririke kirahisi ameishusha kutoka vigawo 32 hadi 8.